Waliookolewa Wakiwa Wamekaa

"Huo utepe usiniletee hapa. Ukiusogeza nitautafuna, halafu nikutemee usoni."

"Dada, punguza sauti basi."

"Nipunguze ili nani alale? Kuna anayelala humu?"

"Mkaguzi ameshafika. Yuko chini na mganga mkuu."

"Apande! Apande nimwonyeshe ninavyookolewa katika hospitali hii. Mimi ndiye mtu aliyeokolewa mara nyingi kuliko wote duniani, na sijawahi kunyanyua hata tako."

Mwanangu wa kiume akanitazama. Wakiishiwa maneno hawa wawili hunitazama mimi, tangu wadogo, kana kwamba maneno yaliyobaki nimeyaficha ndani ya mkoba. Na mimi nilikuwa nimekaa katikati yao kwenye kigoda cha plastiki, mkoba mapajani, vile vile nilivyokuwa nakaa zamani wakigombea mfupa wenye uboho. Tofauti ni kwamba siku zile ningewapiga kofi wote wawili, nikaula mfupa mwenyewe, na amani ikarudi.

Mkubwa, binti yangu, alikuwa amelala kwenye kiti kile kirefu cha kuegemea, mkono wa kushoto umenyooshwa juu ya mto. Mirija miwili imetoka mkononi mwake: mmoja unaitoa damu kuipeleka kwenye mashine, mwingine unairudisha ikiwa imesafishwa. Figo zake zilishastaafu, mashine ndiyo inafanya kazi yao, kila Jumatatu na kila Alhamisi. Mdogo wake alikuwa amesimama miguuni pake na kizibao chake cha rangi ya chungwa, filimbi shingoni, na vitambaa vya kijani vinaning'inia kwenye vidole. Kazi yake ni usalama wa moto wa hospitali nzima. Siku hiyo kulikuwa na zoezi la moto, na zoezi litatazamwa na mkaguzi mgeni, mwanamke, si yule mzee wa zamani ambaye ukaguzi wake ulianzia ofisini kwenye chai na kuishia humo humo kwenye chai.

Chumba hiki cha mashine kiko ghorofa ya juu kabisa, mwisho wa korido. Korido yenyewe ni ndefu, mtu akiiingia na mimba atatokea upande wa pili ananyonyesha, na mtoto keshaota meno. Ndani kuna viti vinne na mashine nne. Wenzao wa zamu ya asubuhi walishaondoka, wamebaki binti yangu na mzee mmoja tunayemwita Dereva, aliyeendesha malori maisha yake yote na sasa hata kitandani hulala upande wa usukani. Na sista wa mashine, msichana mpole, viatu vyake havilii hata kwenye sakafu iliyolowa. Yeye aligeukia dirishani akijifanya anapanga pamba.

Sasa nieleze huu utepe, maana ndio uliotufikisha hapo.

Kengele ya zoezi ikilia, wodi zote hutoka. Wanaoweza kutembea hutembea, wasioweza hukokotwa na vitanda au hubebwa kwenye mashuka. Wa chumba cha mashine hawatoki. Huwezi kumchomoa mtu damu yake nusu iko nje, ukamkimbiza ngazini kwa ajili ya moto usiokuwapo. Kwa hiyo msimamizi wa moto anakuja, anamfunga kila mmoja utepe wa kijani kwenye mkono usio na sindano, na maana ya utepe ni: huyu ameokolewa. Sista anatoka anasimama koridoni, naye ameokoka. Msimamizi anashuka, anaripoti kwamba chumba cha juu kimeshatoka chote, na chini wanapiga makofi. Waliookolewa wanabaki hapo hapo wanatazama dari.

Aliyebuni utepe ni mwanangu. Wala hakuubuni kwa uvivu. Anayesema ni uvivu hamjui.

Hospitalini wanamwita Bwana Ndoo. Alianza pale kama mpiga deki, akapanda akawa mbeba mitungi ya oksijeni, halafu wakampeleka mafunzo ya moto. Alirudi ni mtu mwingine. Kitu cha kwanza alichofanya ni kutundika ndoo nyekundu za mchanga kila kona, mpaka wagonjwa wakadhani hospitali inajenga. Nyumbani kwangu alikuja akasogeza kitanda, akasema kiko mbali na mlango. Jiko akalitoa nje. Mshumaa akaupiga marufuku, nikawa nauwasha kwa kujificha kama mtu anayekunywa gongo. Nikamwambia, mwanangu, mimi na moto tunafahamiana. Nilipokuwa msichana uliingia jikoni kwetu, nikaushikia kiuno, nikautukania ukoo wake mzima, wa kuumeni na wa kukeni, ukaona haya ukazimika wenyewe. Mtu mwingine angecheka. Yeye aliniuliza, "Mlango ulikuwa upande gani?"

Siku ya harusi yake tulifika ukumbini na shangwe, yeye na suti yake akapita kuzunguka nyuma kwanza. Akakuta mlango wa nyuma una kufuli na mwenye ukumbi hajui ufunguo uko wapi. Basi hakuingia mtu. Tulisimama juani, bibi harusi poda inamchuruzika mpaka akawa na rangi mbili, wakwe wananitazama kama ndiye niliyemzaa kwa makusudi, mpaka akaletwa mtu na msumeno. Mkwe wangu anasema siku ile ndipo alipojua anaolewa na mtu wa namna gani. Akaolewa hivyo hivyo, maskini.

Kazini hawakumpenda. Pale koridoni kuna milango mizito, inakaa wazi kwa sumaku, na kengele ikilia inajifunga yenyewe ili moshi usipite. Manesi huizuia kwa mitungi ya oksijeni, kwa viti, kwa chochote, maana wakisukuma vitanda wanataka njia. Yeye anapita nyuma yao anaondoa. Wanarudisha. Anaondoa. Daktari mmoja wa upasuaji alimfokea mbele za watu: "Hivi wewe kazi yako ni kufunga milango tu?" Akajibu, "Ndiyo, daktari." Hakujibu kwa ujeuri. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na aliipenda.

Zoezi la kwanza la moto alilifanya kweli kweli, hakutaka mchezo. Chumba cha mashine nacho kitoke, alisema, moto hauchagui chumba. Kulikuwa na mzee mmoja fundi saa kwenye kiti. Iko namna ya haraka: unabana mirija, unakata, unamtoa mtu. Sista wa siku zile alibana, akawa anakata, kengele inapiga kelele, watu wanakimbia, mzee akashtuka akavuta mkono. Sindano ikachomoka. Damu iliruka mpaka darini. Hapo sitii chumvi, au natia kidogo tu, lakini waliokuwapo wanasema walisafisha mpaka jioni. Mzee hakufa siku ile. Alikufa baadaye, kwa maradhi yake, nyumbani kwake. Mwanangu alikwenda mazikoni akasimama nyuma ya watu wote, na tangu siku hiyo akabadilika kidogo. Kidogo tu, kama mlango uliolegea bawaba moja.

Zoezi lililofuata alikuja na utepe.

Na unajua nani alizikata hizo tepe? Dada yake huyu huyu. Alikuwa fundi cherehani, mzima, ana mikono ya haraka, na alikuwa na vipande vya kitambaa cha kijani vilivyobaki kwenye sare za shule. Alivikata sawa sawa, akavipinda ncha visifumuke. Alipouliza ni vya nini akaambiwa ni vya wagonjwa. Akadhani ni pambo. Akavitia na ushonaji wa urembo.

Haukupita muda, akaanza kuvimba miguu.

Ugonjwa ule sitausimulia, nimeshausimulia mno moyoni. Niseme tu alivimba mpaka viatu vya mdogo wake vikawa havimwingii, na akilala anahema kama amekimbizwa na fisi. Mashine zilikuwa mbili wakati huo, na foleni ya watu wanaozisubiri ilikuwa kubwa, mmoja akipata nafasi ujue kuna mwingine amekufa. Ndipo hospitali ikapewa mashine nyingine mbili, za msaada. Tukashangilia. Kumbe mashine hizi zinakunywa maji kuliko ng'ombe, tena si maji ya bomba hivi hivi, lazima yachujwe na kuchujwa tena, kwa hiyo zinataka matangi na mitambo yake, na mitambo lazima ikae karibu. Chumbani hapakuwa na nafasi. Nafasi ilikuwa moja tu: nje ya mlango wa nyuma wa chumba, pale juu ya ngazi za dharura.

Mganga mkuu akamwita mwanangu. Akamwambia, ni kwa muda tu. Akamwambia, wewe ndiye unayepaswa kukubali. Na akamwambia, foleni itasogea. Hakutaja jina la mtu. Hakuhitaji.

Wewe ungefanyaje? Mimi mama mtu ningeyabeba yale matangi kichwani nikayapandisha mwenyewe, moja baada ya jingine, na ningeimba njiani.

Alikubali. Dada yake akapata kiti. Miguu ikanywea, rangi ikarudi, akaanza tena kunitukana kwa sauti yake ya zamani. Na "kwa muda" ikajengewa ukuta mdogo wa matofali, ikapakwa rangi nyeupe. Juu ya mlango ule bado kuna kibao kinachowaka, chenye mtu wa kijani anayekimbia. Hawakukitoa. Mpaka leo anakimbia pale, kuelekea kwenye tangi.

Haya. Wiki iliyopita, soketi ya ukutani nyuma ya mashine iliyo tupu ikaanza kutoa moshi. Moshi mweusi wa plastiki, unaokwaruza koo. Sista akakimbia kuita mtu, na alifanya vizuri, alikuwa peke yake na mtungi wa kuzimia moto uko koridoni. Lakini kengele ilishalia, na milango ya koridoni ikajifunga, kama inavyotakiwa, ikafunga vizuri sana kwa sababu mwanangu huitia mafuta bawaba zake. Wakabaki watatu kwenye viti, kila mmoja na mirija yake. Dereva alifumba macho akaomba. Binti yangu hakufumba. Alimtazama yule mtu wa kijani.

Moshi ulikwisha wenyewe. Soketi ikabadilishwa. Hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku hiyo binti yangu halali, anakaa kitandani ameegemea ukuta, na nikimuuliza anasema, "Mama, kama ni hizi figo, sawa. Nimeshazoeana nazo. Lakini si kukaa. Si kukaa nikitazama."

Basi ndiyo tukafika hapo na utepe.

"Nisikilize, dada," mwanangu akasema. Alichuchumaa karibu na kiti, akaongea kwa ile sauti ya chini anayotumia kwa watoto. "Mkaguzi akijua hakuna njia ya pili, anakifunga chumba. Si wiki ijayo. Leo. Sheria inampa ruhusa hiyo."

"Najua."

"Mashine nyingine ziko mji wa mbali, basi kutwa nzima. Na huko nako kuna foleni."

"Najua. Nilikuwa kwenye foleni kabla wewe hujajua kutamka hilo neno."

"Basi unataka nini?"

"Nataka usinidanganye mkononi. Ukitaka kudanganya, danganya makaratasi yako. Mkono huu ni wangu."

Dereva akakohoa kule kwenye kiti chake. Alikuwa amejifunika blanketi mpaka kidevuni, mashine ile huleta baridi. "Bibi mkubwa," akaniambia mimi, si wao, "mwambie binti yako. Mimi moshi niliuona kama yeye. Ule moshi ulipita. Mashine ikiondoka, hiyo haipiti."

"Mzee wangu, wewe ulifumba macho," binti yangu akamjibu.

"Nikifumbua ingesaidia nini? Nilikuwa nimefungwa kama mbuzi. Mbuzi mwenye akili hufumba macho." Akageuka kwa shida. "Wewe una mama wa kukusindikiza. Una kaka. Mimi nina hii mashine tu, hata mke wangu hanishiki mkono muda mrefu hivi. Mfunge utepe, bwana mdogo. Akikataa nifunge mimi miwili."

"Usimtie maneno, mzee!" binti yangu akasema.

"Maneno ninayo mengi, damu ndiyo kidogo."

Nikaona nisaidie. Nikasema mimi nitashuka, nitajiangusha kwenye ngazi ya kwanza mbele ya huyo mkaguzi, nitazimia uzimiaji mzuri, wa macho kugeuka na povu kidogo, ninaujua. Atashughulika na mimi mpaka jioni, na kama ana huruma atanisindikiza mpaka nyumbani. Nilishawahi kuzimia hivyo mbele ya mkusanya kodi, akaniachia na kuku wake.

"Mama, tafadhali," wakasema wote wawili, pamoja. Hilo nalo lilikuwa jambo. Hawakuwa wamekubaliana juu ya kitu chochote tangu asubuhi.

Halafu kengele ikalia.

Wewe umeisikia kengele ya hospitali? Haiiti, inachoma. Sista akaangusha pamba. Koridoni miguu ikaanza kukimbia, magurudumu, mtu anapiga kelele pitieni kushoto, kushoto. Mwanangu akasimama. Alikwenda kwanza kwa Dereva, akamfunga utepe, Dereva akamshika mkono akaukaza kidogo. Akarudi kwa dada yake. Akapiga goti.

Binti yangu akautoa mkono chini ya shuka mwenyewe, akaunyoosha. Sikutegemea.

"Haya, nifunge," akasema. "Ila kwa sharti moja."

"Sema."

"Usitoke. Siku zote unafunga unakwenda. Leo funga, halafu ukae. Pale." Akaonyesha kwa kidevu kiti kitupu cha mashine, kile cha karibu na soketi. "Kaa mpaka kengele inyamaze. Ukishakaa, ukishuka ukisema tumeokolewa, mimi sitafungua mdomo. Nakuapia mbele ya mama."

"Wananisubiri chini."

"Watasubiri. Hakuna moto, si ndiyo?"

Akamfunga. Fundo lake lilikuwa baya. Sista akatutazama mmoja mmoja, akatoka kwenda kusimama koridoni kama utaratibu unavyotaka, akaturudishia mlango, sura yake ikabaki kwenye kioo. Na mwanangu akakaa kwenye kile kiti kirefu. Hakuwa amewahi kukikalia. Anakiangalia kila siku, anakagua waya zake, lakini kukikalia, hapana. Kiti kile kinakulaza kidogo nyuma, hata ukitaka kukaa wima kinakukataa.

Tukasikia milango. Mmoja kule mbali, du. Wa pili, karibu zaidi, du. Wa tatu ni wetu wa koridoni, nao ulijifunga kwa upole, ukanyonya hewa kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kusema neno, kisha kitasa kikalia. Milango yake mwenyewe. Alizitia mafuta bawaba zote kwa mkono wake.

Miguu ikaisha. Wote walishashuka. Kengele ikaendelea peke yake juu ya ghorofa tupu, na sisi chini yake, na mashine mbili zinageuza damu, geu, geu, bila haraka yoyote. Niliwaza mambo ya kipuuzi. Niliwaza kwamba sikuzima redio nyumbani. Niliwaza kama moto wa kweli utakuja, huu utepe utaungua wa kwanza, maana ni kitambaa chepesi.

Mwanangu alikuwa anatazama juu ya mlango wa nyuma. Alikuwa na mikono yote miwili kwenye maegemeo ya kiti, ameyabana kama yuko kwenye gari la Dereva. Hakuna aliyemfunga. Hakuwa na sindano, hakuwa na mrija. Na bado hakunyanyuka.

Uso wake ukawa wa kijivu. Nimemzaa, nimemwona na surua na malaria na mapenzi, sijawahi kumwona na rangi ile.

Kengele ikanyamaza.

"Haya, nenda," dada yake akasema. Hakumkejeli. "Nenda kawaambie."

Akabaki amekaa. Halafu akajifuta uso kwa kizibao, akanyanyuka, kiti kikampigia kelele, akaenda akafungua mlango wa chumba. "Sista," akasema, "ingia. Warudishie damu."

"Kaka?"

"Anza na dada. Taratibu, kama siku zote zamu ikiisha. Usiharakishe kitu. Ukimaliza, mzee. Halafu tutawashusha mmoja mmoja kwa ngazi za mbele mpaka pale chini wanapohesabiana. Ichukue muda itakaochukua. Mkaguzi auone wote."

"Watakifunga chumba," Sista akasema kwa sauti ndogo.

"Najua, Sista."

Dereva akaanza kuufungua utepe wake kwa meno, maana mkono mwingine una sindano. Ulipomshinda akauacha. "Umeniua, bwana mdogo," akasema. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja kituo anachoteremka.

Mwanangu akaenda akasimama mbele yake. Dereva akavuta blanketi mpaka usoni, akajifunika lote, ikabaki mirija tu.

Sista akabonyeza pale anapobonyeza. Mlio wa mashine ukabadilika. Maji ya chumvi yakaanza kuisukuma damu irudi ilikotoka, na mrija ule mwekundu ukaanza kuwa mweupe, kutoka chini, polepole. Binti yangu alikuwa anautazama. Siku zote akirudishiwa damu hutania, huniambia, mama, naingiziwa pesa yangu. Siku ile hakutania. Alikuwa ameshinda ugomvi, na mimi nilijua, kabla yake, kwamba ameshaanza kuogopa.

"Sista, ngoja," akasema. "Ngoja kidogo."

Sista akamtazama mwanangu. Mwanangu akamtazama dada yake.

"Unataka niache?" mwanangu akauliza.

"Hapana. Hapana, sijasema uache. Nauliza tu." Akanitafuta kwa mkono wake wenye utepe, nikaushika, ulikuwa wa baridi. Lakini macho yake yalikuwa kwa mdogo wake. "Leo Jumatatu. Alhamisi nakuja wapi?"

Mimi mwenye maneno ya kila kitu, mimi niliyewahi kuutukana moto, nilitafuta uongo mmoja tu, mdogo, wa kutosha mpaka Alhamisi, nikakosa.

Mwanangu akavua filimbi shingoni, akaiweka juu ya mashine, akachuchumaa tena palepale alipokuwa amepiga goti. Akamshika dada yake mguu juu ya shuka.

"Dada," akasema. "Alhamisi mimi—"

Mlango ukasukumwa. Aliingia mwanamke anahema, kofia ngumu mkononi, viatu vimejaa vumbi la ngazi. Akamtazama Dereva chini ya blanketi, akamtazama binti yangu, akanitazama mimi, akainua macho mpaka kwenye kibao cha mtu wa kijani, akayateremsha.

"Nani msimamizi wa moto hapa?" akauliza. "Chini mganga mkuu ameniambia chumba hiki hakina mtu."